Akina Twelvetrees wa Buleusa

Tangu nimerudi mnaniuliza kwenye njia ya kisima, mnaniuliza kanisani, mnaniuliza hata nikiwa na chungu cha maziwa kichwani: ilikuwaje huko? Nimekuwa nikiwajibu nusu nusu. Leo mvua imenifungia ndani na miguu yangu bado ina vidonda, basi nitawaeleza yote kwa kufuata njia, kama tulivyoipita mimi na shangazi Veronika.

Kutoka Muheto

Wengi wenu mlikuwepo Jumapili ile padri aliposoma tangazo la ndoa yetu: Bonifasi Twelvetrees, mwalimu wa shule huko Masisi, mzaliwa wa Kalembe, na Apolina Twelvetrees wa hapa Muheto. Alilitamka jina mara mbili, kwa Kifaransa chake, na kila mara likatoka tofauti. Kisha akaitazama karatasi. Sisi tunasema Tuelivitirizi, na mwenye haraka anasema Tirizi tu. Siku ya kwanza tulipojuana, mimi na Bonifasi tulicheka tulipoona tuna jina moja. Tuliliona ni bahati. Kanisani hakuna aliyecheka. Nyuma yangu mama mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Jina moja, damu moja. Muntu hawezi kuoa dada yake."

Mnajua mimi nimelelewa na Papa Stefano na Mama Laurensia, kati ya ng'ombe wao. Baba yangu mzazi alifika hapa wakati wa vita ya Wazungu, amenibeba mgongoni, akaomba kazi ya kuchunga. Haikupita miezi mingi, ugonjwa wa kifua ukamchukua. Aliacha mtoto wa miaka minne na kipande cha karatasi kilichokunjwa ndani ya kigozi, kimeandikwa lile jina tu. Kwetu ni upande wa Buleusa, alisema. Zaidi ya hapo hakusema kitu. Baba wa Bonifasi naye alikufa mapema, na mama yake hajawahi kumweleza jina lilitoka wapi.

Padri alituita baada ya misa. Hakuwa mkali. Alisema hatasoma tangazo la pili mpaka ajue kama sisi ni ndugu. Papa Stefano alirudi nyumbani, akakamua ng'ombe wawili kabla ya kufungua kinywa.

"Jina iko na fasi, pahali ilitokea," aliniambia. "Enda uulize. Kama ni ndugu yako, utakuwa umepata ndugu. Kama si ndugu yako, utakuwa umepata bwana. Lakini usibakie hapa kulia mu maziwa yangu."

Bonifasi hakuweza kuacha darasa, na isingefaa tusafiri pamoja. Nikapewa shangazi Veronika, dada yake Papa Stefano, mjane ambaye hajawahi kukaa kimya tangu abatizwe. Tuliondoka asubuhi, ukungu umelala chini, umefika magotini mwa ng'ombe, hata walionekana kama wanaelea bila miguu. Mama Laurensia alitusindikiza mpaka ukingoni mwa malisho. Nilipogeuka kumpungia mkono, alikuwa ameshayeyuka katika weupe ule, na sauti yake peke yake ndiyo iliyobaki, ikituambia tusinywe maji ya njiani.

Masisi, na kamio iliyotuacha

Masisi tulikaa siku tatu bila kupenda. Udongo ulikuwa umeporomoka juu ya barabara, na wanaume walikuwa wakiuchimba kwa majembe huku mvua ikiurudisha. Tulilala kwa familia moja inayouza maziwa, watu wema, waliotulisha viazi vitamu na maziwa ya kuganda asubuhi, mchana na jioni, mpaka shangazi akasema ameanza kusikia mlio wa ndama tumboni mwake.

Bonifasi alikuja kila alasiri baada ya shule. Tulisimama chini ya mabati ya nyumba ya watu, maji yakianguka mbele yetu kama pazia. Zamani aliniita kwa jina langu. Siku zile aliogopa kuniita kwa lolote.

"Kama ni kweli?" nilimuuliza siku ya tatu.

"Usiulize kabla ya kujua," alisema. Akachukua mkono wangu, kisha akauachia haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Sijawahi kuona kitu kilichoniumiza kama ule mkono kuachiwa.

Alikuwa ametutafutia nafasi kwenye kamio, lori la kubeba mbao, lililokuwa likienda upande wa Kalembe mara barabara itakapofunguka. Alimwambia shofa, yaani dereva, "Beba akina Tirizi wawili." Asubuhi ya nne tulifika na mizigo yetu, tukakuta kamio inanguruma tayari na shofa anafunga mlango.

"Tunaingia wapi?" shangazi alimuuliza.

"Nyinyi ni nani?"

"Ba Tirizi wawili. Mwalimu alikuambia."

Shofa alituangalia kwa huruma. "Mama, ba Tirizi wawili nimeshabeba. Waliingia asubui sana. Bale pale."

Juu ya mbao walikaa wanaume wawili nisiowajua, wamejifunika mablanketi, wakatuinamishia kichwa kwa heshima. Mmoja alikuwa na pua ndefu, mwingine alikuwa mfupi na mweusi sana, na hawakufanana hata kidogo. Kamio iliondoka. Nilibaki katikati ya matope nikiangalia jina langu linapanda mlima bila mimi.

Kalembe, kwa Mama Bonifasi

Tukaenda kwa miguu. Sitawachosha na vilima; mnavijua, kila ukimaliza kimoja kingine kimesimama kinakungoja. Nitasema tu kwamba baada ya siku ya kwanza nilianza kutembea kama mtu aliye usingizini. Ukungu uliingia na kutoka. Mahindi yalitokea, yakapotea. Ng'ombe walipungua, migomba ikaongezeka. Na siku ya pili, kabla jua halijapasha, nilisikia mwanamke ananiita kutoka ng'ambo ya bonde: "Tirizi! Kuya kula!"

Niliitika. Nilisimama na kuitika kwa nguvu, maana sauti ilikuwa kama ya mtu anayenijua. Katika shamba la maharagwe kando yangu wakainuka watoto watatu, wakaniangalia kwa mshangao, wakakimbia kuteremka kwa mama yao.

Mama Bonifasi alitupokea vizuri. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho kama ya mwanawe, na alitupikia bugali, maharagwe na sombe, majani ya mihogo, yenye mawese, chakula kilichotufanya shangazi na mimi tusitazamane mpaka kilipokwisha. Lakini nilipomweleza kilichotuleta, alisimama akafunga mlango, ingawa ilikuwa mchana na nyumba ilikuwa imejaa moshi.

"Nani alibatuma?" aliuliza.

"Padri," nikasema.

"Padri ao biro ya serikali?"

"Padri, Mama. Ni kwa ajili ya ndoa."

Alikaa. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika na haikukipata. "Sisi bote tuko jamaa moja," alisema. "Ba Tirizi bote. Babu moja."

Nilimwuliza kama ana hakika. Alisema ndiyo. Nilimwuliza kama basi mimi ni dada wa mwanawe. Alinitazama usoni, na nikaona machozi yanamjaa. Akasema tena, polepole, "Babu moja."

Waliitwa wanaume watatu wa jirani, wenye jina hilo hilo. Mmoja baada ya mwingine walisema: jamaa moja, babu moja. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba, kwenye majani ya migomba, nikalia mpaka sikuwa na maji. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia Bonifasi. Nilipanga hata jinsi nitakavyosimama, mbali kidogo naye, ili asinishike mkono.

Shangazi alikuja akakaa kando yangu na kufungua ukindu uliofunga kidole chake kilichoumia njiani.

"Kesho tunarudia nyumbani," nilimwambia.

"Kesho tunaenda Buleusa."

"Shangazi, umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Walisema sawa batoto ya katekismu, neno moja kwa moja. Kiisha nikabauliza, mumoja mumoja, babu ile aliitwa nani? Wa kwanza alisema Kabuya. Wa pili alisema Sebastiani. Wa tatu alisema amesahau." Alikifunga kidole upya. "Muntu anasahau jina ya babu yake? Wale batu bako na woga. Si woga ya sisi. Ni woga ya zamani."

Mama Bonifasi alitusindikiza asubuhi yake na kunipa ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye jani. Kisha alishika uso wangu kwa mikono miwili, kama mtu anayeomba radhi.

Kushuka

Njia ya Buleusa inashuka kutoka baridi mpaka joto. Tulivua mablanketi, kisha vitambaa vya mabegani, na shangazi akavua hata malalamiko yake, akatembea kimya nusu siku nzima. Miti ikawa mirefu, mwanga ukawa wa kijani. Vipepeo walikaa makundi kwa makundi juu ya matope, wakapaa tulipopita na kushuka tena nyuma yetu. Mara nyingine sikuweza kusema kama natembea au nimesimama na msitu ndio unaonipita.

Mto ulitushika siku moja na nusu. Daraja lake ni la kamba za msitu, na maji yalikuwa yamelifikia, yakilivuta na kuliachia. Tulingoja pamoja na mzee mmoja mwenye kuku sita na mwanamke aliyekuwa akienda kumwona mama yake mgonjwa. Mwanamke yule alituchanganyia ndizi za kuponda na uyoga, tukala sote kwenye jani moja. Shangazi aliona vitu vyeupe vinavyojikunja ndani ya mchuzi, akauliza ni nini. Mwanamke akamjibu kwa Kinyanga, lugha ya huko. Shangazi akadhani amesema ni nyama ya ng'ombe, akasifu na kuongeza. Yalikuwa mabuu ya mti. Nilimwambia tulipokuwa katikati ya daraja, asiweze kunipiga.

Na jina liliendelea. Kila ua tuliopita kulikuwa na Tirizi mmoja, wawili, mkubwa, mdogo, wa kike, wa kiume. Msichana alikuwa akiimba huku anatwanga, na jina lilikuwa ndani ya wimbo. Nilimwona mtoto mchanga anaitwa hivyo na kikongwe asiye na meno anaitwa hivyo. Kule Muheto nilikuwa na jina la peke yangu, jina ambalo watu huniuliza mara mbili. Huku lilikuwa kama maji, kila mtu analichota. Ilinifurahisha, na wakati huo huo iliniogopesha, kwa sababu kama hawa wote walikuwa wa babu mmoja, basi yule babu alikuwa amekwisha kunizunguka pande zote na hakuna mlango.

Kwa Mama Machozi

Buleusa nako walisema: jamaa moja. Sasa hata mimi niliisikia ile sauti ya katekismu. Tuliuliza nani mkubwa wa jamaa hiyo, atuonyeshe kaburi la babu. Watu waliangaliana. Ndipo dada mmoja aliyekuwa akimenya mihogo akasema bila kufikiri, "Mama Machozi njo anayaandikaka ile majina," akajiziba mdomo kwa mkono wenye unga.

Mama Machozi alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo. Tulimkuta anang'oa karanga. Alitusikiliza bila kusimamisha kazi.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Waulize wenye kusoma."

Hakutufukuza, wala hakutukaribisha. Shangazi aliinama akaanza kung'oa karanga, nami nikafanya vivyo. Tulifanya kazi kwake siku mbili. Alitulisha vizuri, samaki wa mtoni na lituma, ndizi za kupondwa, na aliuliza habari za ng'ombe, kama ni kweli kwamba huko juu watu wanawapa majina. Juu ya jina letu hakusema hata neno.

Siku ya tatu asubuhi, karanga zikiwa zimetandazwa juani, nilimuaga.

"Asante kwa chakula, Mama," nilimwambia. "Naenda kumwambia mwanaume mmoja kwamba yeye ni kaka yangu. Tulitaka kuoana. Sasa hatutaoana. Nilikuwa na karatasi ya baba yangu, nilitaka ikae kwake, lakini naona nitaiacha hapa, kwa jamaa." Nikafungua kigozi na kumpa.

Aliifungua juu ya goti lake. Nilidhani ataitazama tu, kama mtu asiyejua kusoma anavyotazama maandishi. Lakini alipitisha kidole juu ya herufi ya pili, ile yenye mabonde mawili, akaizunguka.

"Hii imelala," alisema. "Hii ni ya kwanza kabisa. Kiisha nilijifunza kuisimamisha." Akakunja karatasi. "Baba yako alikuwa Bauma."

Shangazi aliacha kufunga mzigo wake. Nami nilikaa chini pale pale, katikati ya karanga.

Nitawapa maneno yake kama nilivyoyasikia, maana nimeyarudia moyoni njia nzima.

"Kulikuwa muzungu moja," alisema, "si Mubeligi, Mwingereza. Alikuya kutafuta mawe ya mu mito. Alikaa peke yake pale ngambo, na mimi nilikuwa namupikia. Akagonjwa, karibu akufe, na batu ya hapa bakamutunza miezi mbili. Kiisha vita ya Wazungu ikafika. Bakaanza kuchukua banaume, bamoja kwa kazi ya mpira mu pori, bamoja kubeba mizigo. Wengine hawakurudia. Lakini ule mwenye alikuwa mutumishi wa muzungu wa mawe, walimuacha. Alikuwa na ruksa ya kuandika batumishi wachache. Polisi bakamuuliza, tutabajua namna gani batu yako? Yeye akachukua karatasi, akaandika jina yake mwenyewe nyuma ya jina ya kila muntu. Akasema, hawa ni ba Twelvetrees. Basi bakabaacha."

"Wachache," nikasema.

"Wachache. Kumi hivi. Na banawake wengine bakakuya kulia kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa mu nyumba yake. Bwana yangu njo alikuwa ameshachukuliwa, na hakurudia. Mimi sikujua kusoma, lakini macho iko kwangu. Akienda mutoni, nilichukua karatasi na wino, nikaangalia ile jina yake peke yake, nikachora. Mustari kwa mustari, sawa vile unashona kikapo. Kwanza Bauma, baba yako. Kiisha ndugu zake, kiisha batu ya vijiji ingine. Bengine bakakuya hapa kutoka Kalembe kwa miguu. Bakaleta mpaka batoto, kwa sababu hakuna muntu alijua vita itamalizika lini."

"Hakukukamata?" shangazi aliuliza.

"Asubui moja alirudia mbele ya wakati. Nilikuwa na karatasi saba juu ya meza. Akasimama, akaziangalia. Nilijua nitafungwa mu boloko. Akakaa, akachukua kalamu, akaniambia, Machozi, hii herufi yako inalala. Akaniongoza mukono, tukaisimamisha pamoja." Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Toka siku ile hakufungaka wino tena."

Nilimwuliza jina lenyewe maana yake nini. Alisema naye alimwuliza. Katika lugha yake ni miti kumi na miwili. Mababu zake walikaa mahali penye miti kumi na miwili, na watu wakawaita kwa miti hiyo. Miti ilikatwa zamani, hata yeye hakuiona. "Akaniambia ku kwao jina ile si ya batu mingi. Imebakia mu nyumba moja, yeye na dada yake, na dada yake hana mutoto. Siku vita ilimalizika, akaenda kusalimia kila muntu mwenye jina, mukono kwa mukono, siku mbili nzima. Akasema ataenda kuambia dada yake kwamba jamaa imeongezeka. Hatukumusikia tena."

Karanga zilipasuka moja moja kwa joto la jua.

"Basi baba wa Bonifasi," nikasema. "Wa Kalembe."

"Musafiri. Alikuya na mvua, na mwanamuke wake mwembamba. Si ndugu ya baba yako. Bauma alikuwa muntu wa hapa, nyumba yake ilikuwa pale penye migomba ile. Mama yako aliitwa Mapendo, alikufa na homa wakati wewe ulikuwa unatambaa. Vita ilipozidi, baba yako akakubeba, akakimbia, aliogopa karatasi haitatosha."

Alinipeleka. Hakukuwa na nyumba, ni migomba tu, na jiwe la kusagia lililozama nusu. Nililigusa. Nilirudia majina yale mawili kwa sauti ndogo, Bauma, Mapendo, mpaka yakazoea kinywa changu. Kwa umri wangu wote sikuwahi kuwa na jina la mama yangu, na hapo nilikuwa nalo, na pale chini ya migomba palikuwa na kivuli na nyuki, na sikutaka kuondoka.

Kupanda tena

Kilichobaki ndicho kilikuwa kigumu. Padri asingeamini maneno yetu tu, mimi na shangazi, watu wenye kutaka arusi. Ilipasa Mama Machozi aje mwenyewe.

Alikataa. "Padri ataambia biro. Biro itasema mulidanganya. Batachukua mimi, kiisha batatafuta kila Tirizi. Nilibafundisha bote kusema jamaa moja. Niliapa nao."

"Vita ilimalizika zamani, Mama," shangazi alimwambia, kwa upole ambao sikujua anao.

"Hakuna muntu alikuya kutuambia imemalizika kwa sisi pia."

Sikumsihi. Niliona kwamba ninachomwomba ni kikubwa kuliko arusi yangu. Nilimshukuru kwa majina ya wazazi wangu, tukalala. Asubuhi tulimkuta mlangoni, amejifunga kitambaa kipya, na kapu la karanga kichwani.

"Nilibaandika basiachukuliwe," alisema. "Sikubaandika basioane. Twende."

Kurudi sikumbuki vizuri. Nakumbuka daraja likiwa kavu na juu ya maji, kana kwamba halijawahi kututisha. Nakumbuka Kalembe, Mama Bonifasi akimwona anayekuja nyuma yetu, akaketi chini uani kwake na kujifunika uso, na Mama Machozi akamwinua. Ni Mama Bonifasi aliyetupa karatasi ya mumewe tuipeleke. Nakumbuka Masisi, Bonifasi akitoka darasani na chaki mikononi. Nilimwita tu kwa jina lake la mbele, na aliposikia sauti yangu alijua, akageukia ukuta wa shule.

Padri alitupokea chumbani kwake. Alisikiliza habari yote bila kuandika. Aliziweka karatasi mbili mezani, ya Bauma na ya Musafiri, kisha akampa Mama Machozi kalamu. Yeye akainama. Mkono wake mkubwa ukachora mstari baada ya mstari bila kusimama, kama mtu anayepita njia ya kwao gizani. Padri alilinganisha. Ulikuwa mkono mmoja.

"Mama, uliandika ngapi?" alimwuliza.

"Sikuhesabu, Padri. Wino ilikuwa inaisha, ingine inakuya."

Padri alienda dirishani, akatugeuzia mgongo. Aliporudi alimrudishia zile karatasi mkononi. Alisema yale aliyoyasikia ni ya chumba kile, hayatatoka. Akasema Jumapili atasoma tangazo la pili. Mlimsikia wenyewe: Apolina, binti wa Bauma na Mapendo wa Buleusa, Bonifasi, mwana wa Musafiri wa Kalembe. Lakini jina lingine hakuliondoa. Aliniuliza kama aliondoe. Nilifikiria wale watoto watatu katika maharagwe, nikasema libaki.

Mama Machozi alikaa kwetu mpaka arusi. Aliwapenda ng'ombe, na aliwaita kwa majina vibaya, wakaitika. Asubuhi ya kuondoka kwake nilimkuta uani, amekaa juu ya gogo, amechora jina chini kwa kijiti, herufi zote zimesimama.

"Apolina," alisema, "wewe unasoma. Hii yote ni sauti ya namna gani? Niliandika miaka, na sijui wapi inaanza."

Nikapiga magoti kando yake. Niliweka kidole chake juu ya ile ya kwanza, nikamtamkia, kisha ya pili, ile iliyokuwa ikilala, kisha zinazofuata. Kwenye zile mbili za mwisho kabla ya herufi ya kufunga alicheka, kwa sababu alikuwa akizichora kila siku kama ndugu mapacha bila kujua kwamba zinasema kitu kimoja. Tulirudia mara nyingi. Jua lilipanda, maziwa yangu yakaharibika, sikujali. Mwishowe alinisukuma mkono, akatembeza kidole peke yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, midomo inacheza, akalisoma. Akalisoma tena kwa sauti kubwa.

Kisha akalifuta kwa kiganja, akasawazisha udongo, akanipa kijiti.

"Sasa niandikie Machozi," alisema.